Macho Yatazame Juu

Kesi iliahirishwa Jumatano hadi Ijumaa.
Karani alitamka "Ijumaa" kama mtu anayefunga dirisha,
nami nikabaki kwenye ngazi za mahakama na begi moja,
shati moja safi, na nauli ya kurudi Kitale
ambayo ikiliwa na hoteli hairudi.

"Kuna kitanda Mwakirunge," akaniambia mchonga mihuri,
"kwa Nyevu wa Chengo. Shambani.
Bei ni kama bure, ila usilale hadi jua likuchome."
Nikadhani ananitania.

Mombasa hiyohiyo, lakini huku
usiku ni mweusi hadi ndani ya mdomo,
na upepo ukigeuka huleta moshi wa jaa,
kisha maua ya mkorosho, kisha jaa tena.
Paa la makuti, kiraka cha bati.
Nyevu alinipa ndoo, taa, shuka yenye harufu ya sabuni ya mche,
akanionyesha choo kwa kidevu.
Jina langu hakuliuliza. Aliuliza: "Kisamvu unakula?"

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe
hawakuwahi kulala kwa mama huyu.
Mimi nilikabidhiwa siku ya kwanza, alasiri,
mpini bado una joto la kiganja chake.
"Ya tatu utakuwa umeondoka," alisema.
"Na mvua haijui methali."

Basi nikapanda mihogo.
Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano,
nikivichomeka vijiti ardhini kama mtu apigaye mihuri,
jasho likinidondokea ndani ya miwani,
na moyoni najisifu: kumbe naweza,
kumbe damu ya baba haikumwagika bure.

Usiku nikasikia nyayo.
Nikachungulia.
Mbodze, mjukuu wa miaka tisa,
simu ya bibi ameibana kwa meno, taa inawaka.
Aling'oa kijiti changu, akakipindua, akakirudisha.
Akasogea. Akang'oa. Akapindua.
Mistari yote mitano, polepole, bila kucheka,
kama anayemvua mtoto shati alilovaa kinyume.

Asubuhi sikusema kitu. Uji ulikuwa wa moto.
Naye hakusema kitu. Nyevu ndiye aliyesema,
akipuliza kikombe, hamtazami mtu:
"Muhogo una macho. Macho yatazame juu.
Ukiuzika kichwa utaota,
lakini utazunguka sana."

Miaka sita nagombea ekari mbili za Mtopanga.
Nina ramani. Nina stakabadhi. Nina picha ya baba
amesimama pale, mkono kiunoni, suruali pana.
Namba ya kiwanja naijua kuliko ya simu yangu.

Nikaomba nionyeshwe.
Mbodze akanishika kidole, akakipitisha kwenye gome:
hapa, na hapa, na hapa,
vijivimbe vidogo, vigumu, kama chunusi za kijana.
"Umeyapata?" Nimeyapata.
"Basi usiyasahau, mimi usiku nataka kulala."

Siku ya kuondoka Nyevu alipiga hesabu kwa sauti:
vitanda viwili, chai nne, kisamvu,
akatoa jembe la siku moja na nusu,
akairudisha ile nusu kwa sababu ya usingizi wa Mbodze.
Nikalipa. Sijapata kuona hukumu iliyonyooka vile.

Ijumaa, mahakamani,
ndugu yangu wa mama mwingine yuko benchi la pili,
viatu vinang'aa.
Wakili akaninong'oneza habari ya kucha zangu.
Nikazitazama. Nikakunja vidole, nikavikunjua.

Hakimu mpya, mwanamke, akageuza kurasa
mbele, nyuma, mbele,
akavua miwani.
"Shamba hili," akasema, "limepandwa nini?"

Miaka sita hakuna aliyeuliza.
Nikamgeukia ndugu yangu.
Naye alikuwa ameshanigeukia.