Nyota wa Daftarini

Zamu ya usiku, ghala la pamba, Soroti.
Ekwaru anatupa dadu mbili za ludo
juu ya daftari la ligi yake ya besiboli.
Nne na sita: Etukoit kaupiga,
mpira umeruka Mwamba, haurudi.

Etukoit: mguu mzito, jicho la mwewe,
mipigo thelathini na mmoja msimu huu.
Asekenye, mrushaji wa shoto:
mpira wake hupinda kama mkia wa mjusi,
tena anadaiwa karo ya mdogo wake
(hilo dadu hazikusema).

Mara, moja na moja.
Kanuni katunga mwenyewe: bega limeteguka, msimu umekwisha.
Anatazama lango. Hakuna aliyeona.
Anazifumbata dadu mpaka zinapata joto.

Mwishowe analamba ncha ya penseli:
Asekenye, nje.
Na pembeni, kwa herufi ndogo,
karo imelipwa.