Jina la Mfukoni

Kiti cha mkurugenzi kina miezi saba, kitupu.
Bodi inasema kuteua ni haki yake.
Wizara inasema tusubiri mhuri.
Mkoa nao umekuja na jina mfukoni,
la bwana aliyesimamia maghala ya korosho, Nachingwea.

Mimi Somoe nimeingia Lindi mjini alfajiri
na kikapu cha ming'oko, bado ina moto.
Kaka yangu Mfaume yuko kitanda cha tisa,
penye dirisha linalogoma kufunga.
Namuuliza kwa mzaha: ungekuwa wewe, ungemteua nani?

Anamenya mmoja, taratibu,
kana kwamba swali nalo lina maganda.
"Nachilongo wa zamu ya usiku.
Dawa zilipokwisha, Februari,
hakunidanganya kwamba zipo."

Nacheka. Nachilongo ni mfagizi,
hata muhtasari wa kikao hajui kuuandika.

"Basi wamlete huyo wa maghala.
Ila alale hapa kwanza. Usiku mmoja tu,
komeo likiwa nje."

Sicheki tena. Namsogezea chumvi.

Kule koridoni karani anabandika tangazo jipya
juu ya lile la zamani.
Gundi haijakauka,
pembe moja imeshabanduka.