Odilon, Jalidi Imeanguka

Odilon,
usiku wa kuamkia leo jalidi imeanguka.
Nimeiona kwenye bomba la uani
na kwenye kamba ya nguo, imekakamaa kama waya.
Bustani yako yote imeota mvi.

Uliipanda wewe, mwezi wa Juni,
miche thelathini na miwili ya vikabichi vya Brusseli,
kwa mstari ulionyoshwa kwa uzi wa kufumia,
uzi wangu, bila kuniomba.
Kisha ukaukanyaga udongo kwa mabuti,
kila mche, pande zote nne:
"Ardhi laini huzaa majani matupu.
Mmea huu wataka kushikwa shingo."
Firmin akacheka ng'ambo ya ua:
mtu huyu anapanda mboga au anazika adui?

Wiki tatu baadaye tukakuzika wewe.
Udongo wako hakuna aliyeukanyaga.
Waliumwaga kwa koleo, polepole,
kama wanaogopa kukuamsha.

Nilitaka kuing'oa yote, nakuambia kweli.
Miaka arobaini na mmoja nimevipika vikabichi vyako
kwa siagi, kwa kungumanga, kwa vipande vya nguruwe,
na miaka arobaini na mmoja nimevichukia.
Vichungu, Odilon. Shubiri.
Nilitafuna nikitazama saa ya ukutani,
nikasema "vizuri",
nawe ukaniongezea.

Lakini Agosti walikuja vipepeo weupe
nikajikuta nimepiga magoti, mimi na goti langu bovu,
nikipindua jani moja moja,
nikiponda mayai ya manjano kwa kidole gumba.
Wakaja njiwa: nikateremsha pazia la sebuleni,
lile la kimia alilotuachia mama yako,
nikaifunika bustani.
Mama yako angekufa mara ya pili.
Septemba upepo ukaja na ubishi wake,
nikafunga kila shina kwenye kijiti kwa soksi zako.
Usiulize zipi.

Ikafika Oktoba, mwezi wako wa kisu.
Wewe hukuweza kungoja.
Firmin alikwambia kila mwaka:
acha baridi ivichape kwanza.
Nawe kila mwaka:
"Firmin anajua nini? Baba yake alifuga njiwa."
Safari hii kisu kimebaki kwenye droo.
Si kwa hekima. Sikuwa na hamu ya kupika.

Leo nimetoka na viatu vya ndani, bila koti.
Vimejipanga shinani kama vifungo vya kanzu ya padri.
Nimekata cha chini kabisa, maana huanzwa chini,
kigumu, kidogo kama kifundo cha kidole,
nikakiuma papo hapo, kibichi,
barafu ikilia menoni.

Kitamu.

Kitamu, mzee wangu, kama lozi changa.
Nimesimama nimeduwaa, miguu imelowa.
Kumbe uchungu haukuwa wa mboga.
Ulikuwa haraka yako tu,
na uongo wangu juu yake, kama siagi.

Nimekula vitano. Nina hasira,
sijui nimkasirikie nani.
Kisha nimejaza bakuli, nikalipitisha juu ya ua.
Firmin ametafuna kimoja, macho chini.
Hakusema "nilimwambia".
Amesema: "Ardhi aliishindilia vizuri."

Kesho nitakuja kukuona, na mabuti yako miguuni.
Mvua imelititisha kaburi upande wa kichwani.
Nitakukanyagia kidogo.