Kioo cha Kumi na Saba

Port Alberni, Februari. Mvua imeshika zamu,
nami nimeshika brashi ya manyoya laini,
napangusa vumbi la miaka mia kwenye vioo vya picha
ambavyo kampuni ya mbao iliviacha kwenye makreti.
Doreen ananilipa kwa saa. Skana inanguruma.

Kioo cha kumi na saba:
wanaume sita na mwerezi mmoja.
Wamelala ndani ya jeraha, katika mkato wa shoka,
wamebanana kama mikate tanurini.
Mmoja amekumbatia msumeno
mrefu kuliko chumba ninachopanga.

Kwenye kioo kila kitu kimegeuka.
Anga ni lami, na nyuso zao nyeusi, nyeusi kunipita,
nikawaona kama wajomba zangu waliopotea njia
wakaishia kukata miti ya watu.
Nikabonyeza kitufe, wakarudi kuwa weupe.
Undugu wetu ulidumu dakika nne.

Kamera za zamani zilitaka subira.
Mpiga picha, Anselm Rudge
(jina kalikwaruza pembeni kwa sindano, kinyumenyume),
lazima alisema: tulieni. Hawakutulia.
Wa tatu ana vichwa viwili; alipiga chafya, labda.
Mkono wa huyu ni moshi. Mbwa ni ukungu wenye mkia.
Mwerezi peke yake ndio uliotii:
naweza kuhesabu nyuzi za ganda lake.

Nikavuta karibu. Juu ya bega la mwenye chafya
kovu jembamba limepanda mpaka nje ya picha.
Doreen akaweka kikombe chini.
"Hapo watu wa bibi yangu walibandua ganda
la kufumia kofia. Upana huu, basi,"
akapima hewa kwa viganja viwili.
"Mti wakauacha uendelee na maisha yake."
Babu yake, upande wa pili, ni yule wa msumeno.
Hakusema anamlilia nani.

Kwetu husema gogo haliendi ila kwa nyenzo.
Nimezitafuta nyenzo: maksai, mnyororo, garimoshi,
na hiki kioo, kilichopelekwa kwa wenye hisa
waione mali yao ikiwa bado imesimama.

Nje lori linashuka na magogo membamba, ya juzijuzi.
Nachapa nakala. Karatasi inatoka vuguvugu,
inanukia, sijui, au ni pua yangu tu,
inanukia msitu.

Doreen anaomba mbili.