Moyo Hautahusika

Mostyn, barua imekuja.
Usitikise mkia, si ya nyama.
Ni ya wale tuliowalipa tangu ungali mdogo,
enzi za kulowesha zulia na kutafuna kiatu cha Emlyn:
pauni kumi na nne, kisha ishirini, kisha arobaini na moja,
kila tarehe tatu, bila kukosa,
hata mwezi ule wa mazishi.

"Mteja wetu mpendwa," wameanza.
Miaka kumi na moja hawakuwahi kunipenda hivi.
Halafu: tumepitia upya masharti.
Halafu: kuanzia Machi mosi, moyo hautahusika.

Nimeusoma mstari huo nimesimama jikoni
na miwani ya marehemu puani, kwa kuwa yangu umeikalia.
Moyo hautahusika.
Wala figo, wala macho, wala nyonga,
wala hali yoyote iliyokuwapo kabla.
Kabla ya nini? Kabla ya uzee?
Nimekupapasa nikihesabu kilichobaki ndani ya bima:
masikio mawili, na mkia.
Hivyo vikiugua, mwanangu, sisi ni matajiri.

Nikapiga simu.
Dakika arobaini na mbili za kinanda kilekile.
Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa.
Aliyepokea alikuwa kijana mwenye mafua
akisoma kifungu cha tisa kama anayemeza mwiba.
Nikamuuliza, "Wewe una mbwa?"
Akanyamaza. Nikasikia wenzake nyuma yake, wengi,
wote wanasikitika kwa maneno yaleyale.
"Nilikuwa naye," akasema.
Basi, ningemgombeza vipi?
Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, nakubali,
ila huyu hakuwa mwamba ngoma.
Alikuwa kijiti tu cha kupigia.

Kampuni ya pili iliuliza umri wako, ikaaga.
Ya tatu iliuliza umri wako, ikacheka kidogo, ikaaga.
Ya nne ilikuwa mashine.

Usiku huo mvua ya Llanelli ilipiga dirisha
nami nikapiga hesabu mgongoni mwa bahasha yao:
vidonge vya moyo, sitini na nane;
vya kukojoza maji, kumi na tisa;
pensheni yangu, mstari mmoja mfupi.
Nikazima hita ya chumba cha wageni.
Wageni gani, hata hivyo.

Daktari Beddoe hakunihurumia, na nikamshukuru.
Alichukua kalamu. "Nitakuandikia cheti,
ununue kwingine, ni nusu ya bei yetu.
Na usimlete kila mwezi. Mhesabie pumzi akiwa amelala.
Zikivuka thelathini kwa dakika, nipigie."
Sasa nahesabu.
Saa nane za usiku, saa ya Emlyn mkononi,
ishirini na nne, ishirini na tano,
unaota unakimbiza kitu, nalazimika kuanza upya.

Ile arobaini na moja sikuigusa.
Kila tarehe tatu naitia kwenye mkebe wa biskuti.
Bima yetu mpya ina picha ya ngome
na kifuniko kinachokwama.
Bwana Pugh wa mlango wa pili amenunua keekee ya Emlyn
kwa tisini, bila kubishana,
na sote wawili tunajua hana hata rafu ya kutundika.

Ndani ya mkebe kuna pia karatasi.
Nimeandika kiasi ambacho, bili ikikifikia,
nitasema basi.
Niliandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika kikubwa zaidi,
nikafuta.
Hiyo sitakusomea.

Leo ni Machi mosi.
Watoto wa shule wamepita na maua ya njano vifuani.
Tangu usiku wa manane moyo wako hauna mwenyewe
ila mimi.
Umepanda ngazi tatu, ukapumzika,
ukanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayechelewa.
Haya, njoo. Niko ngazi ya saba,
kidonge kimo ndani ya jibini,
na wewe unajua kimo,
na unakuja.