Wa Kumi na Moja

Usiku wa kuamkia mbio hatukulala, tulioka.
Attleborough ingetaka mikate yake saa moja asubuhi,
awe bingwa asiwe bingwa.
Kisha Desmond Pask akafuta mikono,
akatoa trei ndani ya Austin,
akang'oa vifuniko vya magurudumu, akanikabidhi
kama sahani za wageni.
Viti vya nyuma vilibaki. Kanuni ilitaka vibaki:
gari liwe gari, la kumpeleka mama mkwe kanisani.
Namba hamsini na nane tuliiandika kwa utepe mweupe;
utepe ulipokwisha, tumbo la chini la nane
nililimalizia kwa rangi ya viatu vya kriketi.

Uwanja ulikuwa wa ndege za vita.
Vijana walipaa pale, mabomu chini, picha za wachumba mfukoni,
na si wote waliorudi kunywa chai.
Sasa zege limepasuka, nyasi zinachungulia,
marobota ya majani makavu yamechora kona,
na upepo wa Norfolk, usiojua kubisha hodi,
unapekua makoti ya watu elfu mbili.

Jaguar tatu zilisimama mbele.
Kapteni mmoja mwenye glavu za ngozi akapita, akanusa gari letu:
"Chai iko wapi?"
"Inakuja," akasema Desmond. "Tumesahau siagi tu."

Enid, mkewe, alinichorea hesabu juu ya mfuko wa unga:
ubingwa si kuwatangulia wote,
ni kuwatangulia wa kimo chako.
Haba ya Aprili, haba ya Juni,
kibaba kilibakiza punje moja kijae,
na punje hiyo aliitaka pia Bi Thirza Cobbold,
mkunga wa Diss, katika Morris ya kijivu
ambayo Alhamisi ilimfikisha kwa mama wa pacha.

Bendera ikaanguka.
Jaguar zikatoka kama fahali waliovunja zizi.
Nyuma yao, mbali, vigari vyetu vya mviringo
vikainama konani kama bibi atafutaye sindano,
gurudumu moja hewani, milango ikigongagonga.
Mimi nilishika saa ya tanuri. Ndiyo tuliyokuwa nayo.
Mzunguko wa tatu: Desmond. Wa sita: mkunga.
Wa tisa: mkunga, na mkono wake nje ya dirisha
ukimpungia kwaheri, kwa adabu.

Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho.
Mkunga akashika breki panapostahili.
Desmond hakushika.
Tuliliona gari likiingia kona kwa ubavu,
vumbi la unga likifuka kila upenyo,
likagusa majani, likayumba, likanyooka,
likapita mstari mbele ya Morris
kwa urefu wa boneti.

Wa kumi na moja! Kapteni alipewa kombe la siku,
sisi tukapewa la mwaka mzima, dogo kama kikombe cha yai.
Kipaza sauti kikasema ushujaa. Gazeti likasema ushujaa.
Bi Thirza akampa Desmond mkono, akamtazama machoni kwa muda
kama amtazamaye mama anayedai hana uchungu bado.

Nilifungua mlango nisafishe.
Chini ya pedali ya breki palikuwa na skonzi,
moja ya alfajiri, iliyoponyoka kwenye trei,
imebapuka, na alama ya soli yake imo.
Desmond alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno.
Enid akaja: "Una nini mkononi?"

Nikaitia mdomoni.
Ilikuwa na ladha ya mpira, na grisi, na chumvi kidogo.
Sijaimeza yote hadi leo.

Jumatatu saa moja mikate ilikuwa milangoni.
Na Diss, maili kumi na tatu nje ya njia yetu,
dazeni moja kwa mkunga, bila bili,
nami nikaambiwa nisigonge.