Daftari la Kumudben

Lilikuwa na jalada jekundu, kona zimeliwa na mende,
na liliandikwa kutoka pande mbili.
Ukilifungua mbele: madeni ya duka.
Kitambaa cha kaptula, sindano, uzi wa bluu,
Dorsila wa Manyatta, yadi nne, shilingi kumi na moja.
Ukiligeuza kichwa chini na kulifungua nyuma:
Manispaa ya Kisumu inadaiwa.
Bomba la nyuma ya soko la Kibuye, tangu Machi.
Balbu moja, wadi ya wazazi.
Mtaro wa Nyalenda. Mtaro wa Nyalenda. Mtaro wa Nyalenda.

Hakusamehe deni, mama yule.
Alikufuata hadi mlangoni, sari kaipandisha kwa ajili ya tope,
miguuni viatu vya mwanamume,
Kijaluo chake kimepinda kama waya wa uzio:
"Msamaha ni wa Mungu, Dorsila. Mimi nina duka."
Na mama yangu, aliyemnunia mwaka mzima,
alimpigia kura mara mbili.

Kwa sababu ule mwaka wa kipindupindu
Diwani Kumudben alibeba kiti cha dukani
akakiweka mlangoni pa mhandisi wa maji,
akakaa siku tatu akifuma sweta.
Siku ya kwanza walimcheka.
Siku ya pili walimletea chai;
akainywa, akauliza sukari imetoka fungu gani la bajeti.
Siku ya tatu, jioni, bomba letu likakohoa,
likatema kutu, likatema chura mdogo,
kisha maji.

Hekaluni walinong'ona: mjane gani huyu hatulii ndani?
Kwetu walinong'ona: wa kuja huyu, kesho atapanda ndege.
Muhula wa tatu aliangushwa kwa kura arobaini
na kijana aliyegawa sukari, nusu kilo kila nyumba.
Jumatatu tukamkuta bombani, daftari kwapani.
"Simo tena barazani," alisema. "Maji yamo?"

Hayakuwamo.
Akaandika.

Alipofariki, mwanawe alikuja kutoka Leicester kuuza nyumba.
Mama alivaa leso safi, pembeni kafunga fundo
la shilingi kumi na moja.
Yule kijana akatabasamu kwa upole:
"Mama, hizi siku hizi hazinunui kitu. Acha tu."
Mama hakuacha.
Aliomba daftari, akaomba kalamu,
akaandika jina lake kwa herufi alizofunzwa
kwenye kaunta ya duka lilelile, usiku, milango imefungwa,
D yake ina tumbo kama ya mjamzito,
kisha akalikata deni kwa mstari mmoja.

Halafu akaligeuza daftari kichwa chini.
Akasoma polepole, midomo ikicheza.
"Na haya," kijana akauliza, "nani atayadai?"
Mama alikuwa ameshalitia kikapuni, chini ya sukuma wiki.

Kesho yake alianza na mtaro.